Ukingo wa Kidonda

Mama yangu alikuwa mchora hina wa Majengo, Pumwani, na kazi hiyo ndiyo iliyompa kidonda. Anayemchora bibi harusi miguuni haketi kwenye kiti. Huketi chini, mkekani, amekunja mguu wa kushoto, kifundo kimelalia sakafu, na mguu wa bibi harusi ameupakata. Kazi ya bibi harusi mmoja huchukua nusu siku, wakati mwingine zaidi, hasa akiwa na shangazi wengi wa kutoa maoni. Mama aliketi hivyo tangu kabla sijazaliwa. Kifundo chake, upande wa nje, kilikuwa na sugu ngumu tuliyoizoea nyumbani, hata nilipokuwa mdogo nilidhani kila mama anayo.

Kisha ukaja ugonjwa wa sukari, ukamwondolea hisia za miguu. Ile sugu ikapasuka bila yeye kujua. Aliyegundua ni bibi harusi mmoja wa Eastleigh aliyeona doa kwenye mkeka akadhani hina imemwagika. Mama alimaliza kuchora ndipo akaenda msalani kujitazama. Aliniambia baadaye kwamba asingeweza kumwacha mtoto wa watu na mguu mmoja.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Wakati huo nilikuwa nikipanga chumba kimoja Kware, ghorofa ya sita, nikifundisha sekondari isiyo mbali na hapo, na jioni na siku za likizo nasomea shahada ya uzamili. Niseme mapema kwamba mimi si mtu mpole. Nina haraka, napenda kuwa sahihi, na nikijua jambo huwa siwezi kunyamaza mpaka aliye karibu nami alijue pia, atake asitake. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa tayari nasahihisha daftari za mkunga.

Nilichokuwa nasomea ni maada inayojiendesha. Fizikia ya shuleni inahusu vitu vilivyolala: jiwe linaloangushwa, mpira unaosukumwa, maji yanayochemka kwa sababu mtu amewasha moto. Hii yangu ilihusu vitu ambavyo kila kipande kina nguvu zake chenyewe, kama siafu, kundi la ndege, bakteria, au seli za mwili. Hakuna mkubwa anayetoa amri. Kila mmoja anamwangalia jirani yake tu, na katika kusukumana na kupishana huko mpangilio unatokea. Niliwaeleza wanafunzi wangu siku moja, na msichana mmoja wa nyuma akainua mkono. "Teacher, si hiyo ni bio?" Darasa likacheka. Nikamwambia aende sokoni Gikomba asubuhi, asimame mahali njia ni nyembamba, atazame wenye mizigo wanaoingia na wanaotoka. Hakuna askari pale. Lakini baada ya muda mistari miwili inajipanga yenyewe, mmoja wa kuingia na mmoja wa kutoka, na ukiwauliza nani ameipanga hakuna atakayejua unazungumzia nini. "Sasa hiyo si ni biashara?" akauliza yule yule. Nikamwambia akae chini.

Sehemu yangu katika somo hilo ilikuwa kidonda. Namaanisha kidonda cha kwenye kompyuta: uwanja uliojaa vitone, kila kitone kikiwa seli ya ngozi, na katikati pengo. Seli za ukingoni zinagundua kwamba upande mmoja hakuna jirani, zinaanza kutambaa kuelekea kule kusiko na mtu, zikivuta zilizo nyuma. Nyingine hutangulia na kuchomoza kama vidole. Pembe zinalainika kwanza, pengo linakuwa la mviringo, linapungua, linafunga. Nilikuwa naliangalia likifunga kila jioni kwenye chumba changu huku nakula chapati na maharagwe, na sitaficha, lilinipa furaha ambayo sikuwa nikiipata mahali pengine popote. Mchana kutwa nasimama mbele ya watoto hamsini na kitu wasiosikilizana. Usiku vitone vyangu vilikuwa vinaelewana.

Basi mama alipopata kidonda cha kweli, nilimweleza. Nilikaa kando ya kitanda chake, nikamweleza seli zinavyotambaa.

"Na nani anaziambia ziache?" akauliza.

"Hakuna. Zikikutana katikati zinasimama zenyewe."

"Basi zina adabu kuliko majirani zangu."

Nilimweleza pia kwamba kwenye mwili wenye sukari seli za ukingoni huwa zinachoka. Zinarundikana pale pale, ukingo unakuwa mnene, hausogei. Ndiyo sababu ilikuwa lazima tuupime. Hapo nikamwonyesha namna. Nilichukua ile karatasi ya plastiki inayoonyesha, tunayofunikia vitabu vya shule, nikaipangusa kwa spiriti, nikailaza juu ya kidonda, nikafuata ukingo kwa kalamu ya wino mzito. Ukiipeleka juu ya karatasi ya miraba unahesabu miraba iliyo ndani, na kila wiki unajua kimepungua kiasi gani. Muuguzi wa zahanati aliyekuwa akimwosha kidonda mara mbili kwa wiki alinisifu, akasema wangekuwa na muda wangemfanyia kila mgonjwa hivyo.

Kisha nikaweka sharti, kwa ile sauti yangu ya darasani. Nilimwambia mama: "Mstari huu ukisimama wiki mbili mfululizo, siongojei. Naahirisha masomo, nahamia hapa, nakupeleka hospitali kubwa na nakaa nawe mpaka upone."

"Uache shule?"

"Niache."

Akaitikia kwa kichwa. Nilidhani amefurahi kusikia nampenda namna hiyo.

Wiki tano za mwanzo nilichora mimi mwenyewe, kila Jumapili. Kilipungua, polepole, lakini kilipungua. Kisha muhula wa tatu ukanishika: mitihani ya kitaifa, daftari za kusahihisha, msimamizi wangu chuoni akidai sura ya tatu ya tasnifu. Jumapili nikawa nafika Majengo saa kumi na moja jioni, nimechoka, nachora harakaharaka. Siku moja mama aliutazama mstari wangu akacheka.

"Huu ni mstari au barabara ya Kware? Lete kalamu. Nitachora mwenyewe asubuhi kabla sijafunga bandeji, wewe ukija unachukua tu."

Nani angebisha? Yule mwanamke aliweza kuchora jani la mwembe lenye mishipa yote juu ya kidole gumba cha msichana anayecheka na kuongea na simu. Nikamwachia kalamu na karatasi za plastiki. Nikaona nimepata msaidizi wa maabara.

Kuanzia hapo nilikuwa nikikuta karatasi tayari, imeandikwa tarehe kwa mwandiko wake wa madrasa, na mguu umeshafungwa vizuri, umelazwa juu ya mto chini ya leso. "Usifungue," alisema. "Muuguzi amekataza kifunguliwe ovyo ovyo, hewa inaingia." Jambo hilo lilikuwa na mantiki. Chumbani alifukiza udi, lakini nyumba yetu ilifukizwa udi maisha yangu yote, na kama ulizidi kidogo sikuutilia maanani. Nilichukua karatasi, nikaishika dhidi ya dirisha, nikaiona imepungua. Nikambusu kwenye paji la uso. Nikakaa nusu saa, nikanywa chai ya tangawizi, nikaondoka.

Kule Kware nilizibandika karatasi hizo ukutani kwa mpangilio wa wiki. Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo sidhani mtu asiyejua fizikia angelifanya. Niliona kwamba umbo halibadiliki. Pembe ile ya juu, lile bonde dogo la upande wa kisigino, vyote vilikuwa pale pale wiki baada ya wiki, ila vidogo zaidi. Kidonda kilikuwa kinapungua bila kupoteza sura yake. Vitone vyangu vya kwenye kompyuta havikuwahi kufanya hivyo hata siku moja. Vyangu vililainisha pembe kwanza, kama vitabu vyote vinavyosema. Mtu anayejua kidogo angesema hapa pana kasoro. Mimi nilijua zaidi ya kidogo, nikasema hapa pana ugunduzi.

Nilivimba kichwa, sina namna nyingine ya kulisema. Nilikesha nikitafuta kanuni ya seli zinazokumbuka umbo la pengo. Niliipata hata kanuni yenyewe. Ilikuwa na vigezo viwili tu na ilikubaliana na michoro ya mama vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kupima. Jumapili iliyofuata nilimweleza kwa pumzi moja, nimesimama, bado nimevaa mkoba begani. Alinisikiliza huku anatabasamu. "Kwa hiyo mguu wangu ni wa maana," akasema. Nikamwambia mguu wake huenda ukaingia kwenye majarida ya kisayansi.

Msimamizi wangu ni mzee mtaratibu kutoka Machakos, mtu anayeongea kana kwamba kila neno analitoa kwenye mfuko wa shati. Nilimpelekea karatasi zote na kanuni yangu siku ya Jumatano mwishoni mwa Novemba, baada ya shule kufungwa. Hakujua mgonjwa ni nani. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba ni mama mmoja mwenye sukari aliyekubali kupimwa. Akazipanga karatasi moja juu ya nyingine, akaziinua kwenye mwanga. 

"Hizi tano za kwanza umechora wewe," akasema.

"Ndiyo."

"Na hizi nyingine nani?"

"Mgonjwa mwenyewe. Ana mkono mzuri sana."

"Naona. Ana mkono mzuri mno." Akaweka karatasi mezani. "Kidonda hakijui kuchora. Kinaparura. Hizi zako za kwanza zinaparura, tazama. Hizi nyingine mtu alichukua ya tano akawa anaichora tena, ndogo, ndogo zaidi." Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, "Tangu wakati huo wewe umekiona kidonda chenyewe mara ngapi?"

Nilisimama. Niliacha karatasi za mama na zangu zote pale mezani, nikashuka ngazi.

Nilitembea mpaka Pumwani kwa miguu. Mama alikuwa amelala, mchana, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Sikutoa salamu. Nilipiga magoti, nikafungua bandeji, naye akaamka akanishika mkono akasema, "Acha, mwanangu. Acha hiyo." Nikaendelea. Udi wote wa Majengo usingeifunika harufu ile. Kidonda kilikuwa kimeshuka mpaka kisigino. Ukingo wake ulikuwa mweusi na mnene, umevimba kama mdomo, na ndani palionekana kitu cheupe ambacho nilijua ni nini lakini nilijifanya sijui kwa sekunde chache.

Hospitalini daktari aliuliza maswali mawili tu. Kimeanza lini, na kwa nini mmechelewa. La kwanza nilijibu. Waliukata mguu siku ya pili, chini kidogo ya goti.

Watu wetu hawaachi kiungo hospitalini kikatupwe na taka. Kiungo cha Mwislamu huzikwa. Mjomba, kaka yake mama, alikuja na kipande cha sanda na mafuta ya waridi, akapokea mguu wa dada yake kwenye mlango wa nyuma wa hospitali, akatia sahihi. Alimpigia mama simu kutoka makaburini kumwambia umelazwa vizuri. Mama akamshukuru, akamuuliza kama kuna kivuli. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda nasikia upande mmoja wa mazungumzo hayo, na nililia kwa hasira, tena hasira ya kumkasirikia yeye. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Nilimuuliza siku ileile. Sikuweza kungoja apate nguvu.

"Ulisema mstari ukisimama utaacha shule," akajibu.

"Nilisema."

"Wiki ya kwanza niliyochora mwenyewe, ulikuwa umesimama. Nikaupunguza kidogo, kidogo tu, nikasema wiki ijayo kikipungua kweli nitafidia." Akajifunika shuka vizuri. "Hakikupungua. Sasa ningerudi nyuma vipi? Kila wiki ilibidi niende mbele."

"Muuguzi alikwambia nini?"

"Alinipa barua ya kwenda hospitali kubwa. Nikaacha kwenda kwake. Nikawa naosha mwenyewe."

"Mama, mimi ningeahirisha mwaka mmoja. Mwaka mmoja tu!"

"Ulikuwa unaingia pale mlangoni unauliza karatasi kabla ya salamu," akasema. "Sikukulaumu. Ulikuwa na furaha. Mimi nakujua tangu tumboni, na hukuwa mtoto wa furaha. Nikaona hiki ndicho ninachoweza kukuchorea."

Nimejaribu mara nyingi kuyageuza maneno hayo yawe faraja. Hayageuki. Alinipa zawadi ya mguu wake na mimi nikaibandika ukutani.

Tasnifu sikuimaliza. Nilihama Kware, nikarudi Majengo, nalala chumba kile nilicholala utotoni, na kila siku baada ya adhuhuri namwosha mama kidonda cha kigutu. Niliapa kwamba sitasema tena neno juu ya mwili wake ambalo macho yangu hayajaliona. Basi naangalia. Nafungua, naosha kwa maji ya chumvi yaliyopoa, naangalia ukingo mzima kwa utaratibu, kuanzia juu nikizunguka. Najua ninachokitazama kuliko wengi wanaoishi mtaa huu. Najua kwamba damu haifiki vizuri, na seli zile zimeamka, zimegundua pengo lipo, zimejikusanya ukingoni, na haziendi popote. Zinapanda juu ya wenzao. Zina nguvu za kugombea nafasi, hazina nguvu za kutambaa. Hakuna wa kuziambia chochote. Ule ukosefu wa mkubwa nilioushangilia miaka yote, kwamba mambo yanajipanga yenyewe, una upande wake wa pili: yasipojipanga hakuna mlango wa kubisha.

Daktari anasema wakate tena, juu ya goti, na hana uhakika kama huko damu inatosha. Mama amekataa. "Sitazikwa kwa mafungu," amesema, na mjomba alipojaribu kumshawishi akamwambia asimfanye yeye kazi ya kudumu ya kuchimba kaburi. Wanawake wanaokuja kumjulia hali wanacheka naye, halafu wakifika uani wananiuliza kwa sauti ya chini, nami nawaambia.

Sukari sasa imemwingia machoni. Anaona mwanga, anaona mtu amesimama, lakini nyuzi za leso yake mwenyewe hazioni. Wasichana bado wanamjia wakitaka hina, kwa sababu hawajasikia, au wamesikia lakini mama zao walichorwa na yeye na wanataka mkono uleule. Anawaelekeza kwa mchoraji wa mtaa wa pili. 

Juzi nilikuwa namwosha. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na majirani walikuwa wanafagia maji nje ya milango yao. Hakuwahi kuniuliza juu ya kidonda tangu hospitalini, wala mimi sikuwahi kumweleza bila kuulizwa. Akapapasa akaupata mkono wangu.

"Kinafunga?"

Nilitazama tena, ingawa nilikuwa nimeshatazama. Nilizunguka ukingo wote kwa macho mpaka nikarudi pale nilipoanzia.

"Hakifungi, mama."

Aliachia mkono wangu. Nilisikia pumzi yake ikiingia na kutoka. Nilidhani atasema inna lillahi, au ataniuliza umebaki muda gani, na jibu la hilo pia nilikuwa nimeliandaa, la kweli.

"Mimi nilikudanganya miezi mitatu," akasema. "Wewe hata mara moja huwezi?"

Akageuza uso upande wa ukuta. Nikachukua bandeji safi nikaanza kufunga.